Maswali mnayotuuliza sana kuhusu siku ya kushuka Mto Malagarasi kwa makasia

Kila mwaka ikikaribia Julai simu zinaanza, meseji zinaingia usiku na mchana, na maswali mengi ni yale yale, kwahiyo tumeona tuyaweke hapa yote mtu asome kwa utulivu kabla hajafunga safari ya kuja Ilagala, kijiji chetu cha mkoani Kigoma. Tafadhali soma hata kama wewe ni mzoefu, hasa pale kwenye mamba, viboko na nyavu. Hayo matatu hatuna mchezo nayo kabisa.

Hii ni mashindano?

Hapana. Ni siku moja ya kushuka mto pamoja, wenye mitumbwi ya kuchonga na wenye kayaki, tunaanzia juu ya kijiji tunamalizia Ilagala. Hakuna kombe, hakuna namba mgongoni, hakuna anayepimiwa muda. Ilianza kwa wavuvi wachache wa hapa na vijana wa Kigoma mjini waliokuja na kayaki mbili za plastiki, wakaanza kubishana chombo gani kinatulia zaidi kwenye maji yanayokimbia, mwisho wakasema basi tushuke wote tuone. Walivyofika chini hakuna aliyekumbuka ule ubishi, wakala pamoja wakapanga mwaka unaofuata. Mpaka leo tunakwenda kwa mwendo wa chombo cha nyuma kabisa. Kama wewe unataka kukimbia utakereka, maana tunasimama sana, tunasubiriana, na kuna sehemu wote tunanyamaza kabisa mpaka mzee anayetangulia aseme twende.

Kwanini mtoni na sio ziwani, na kwanini Julai?

Julai ni kiangazi, mvua za huku zinaisha Mei, ila ndo msimu ambao upepo wa kusini unalichafua Ziwa Tanganyika, asubuhi unaweza ukalikuta limelala kama kioo halafu mchana mawimbi yanakuja ambayo kwa kayaki ya mtu mmoja ni hatari. Mtoni unakuwa umejificha kati ya kingo na matete, upepo unakugusa kidogo tu.

Halafu kuna jambo wengi hawalijui kuhusu Malagarasi. Ni mto wa kama kilomita 475, ndo unaokusanya maji kutoka eneo kubwa kuliko mito yote inayoingia Tanganyika, unapokea mpaka maji ya Mto Ugalla kutoka upande wa Tabora, lakini kabla haujafika kwetu unapita kwenye mabwawa na madimbwi makubwa sana, lile eneo la Malagarasi-Muyovozi ambalo mwaka 2000 liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ule mkataba wa dunia wa kulinda maeneo ya majimaji, la kwanza kwa Tanzania nzima. Yale mabwawa ni kama sponji, mvua inanyesha huko juu yanaimeza, kiangazi yanaiachia polepole. Ndo maana Julai mito midogo ya huku unaweza kuvuka viatu mkononi lakini Malagarasi bado una maji ya kutosha na haukurupuki kupanda ghafla usiku mmoja. Machi na Aprili hatushuki, hata mkituomba vipi, maji yanakuwa mengi, yanakokota magogo, na kingo zinamomonyoka.

Tutapita maporomoko ya Igamba?

Hapana. Igamba iko juu huko upande wa Uvinza, kwenye eneo la mradi wa umeme wa megawati 49.5. Hatupiti na hatuendi. Kama kuna mtu amekuahidi kukushusha Igamba kwa kayaki huyo sio sisi.

Mamba wapo?

Wapo. Hatutakudanganya hapa ili uje. Malagarasi ni mto wa mamba toka zamani, hata mwaka 1871 Stanley alipouvuka akienda Ujiji kumtafuta Livingstone, mmoja wa punda wake alikamatwa na mamba wakati anavushwa. Kila mtu aliyekulia hapa ana hadithi ya nyumbani kwake au ya jirani yake, na sio hadithi ya kuchekesha.

Sasa sikiliza vizuri. Mamba anakamata zaidi mtu aliyesimama majini au aliyechutama ukingoni, anayechota, anayefua, anayeoga, anayevuta nyavu. Kwahiyo sheria yetu ya kwanza ni kwamba mwili wako uko ndani ya chombo muda wote. Mkono hauningʼinizwi, miguu haitolewi nje ya kayaki eti unapoza, hakuna kuoga, hakuna kushuka kwenye maji ya magotini kusukuma mtumbwi. Tunapanda na kushuka sehemu mbili tu, zote ni za mchanga, wazi, zisizo na matete, na zinakuwa zimekaguliwa asubuhi ile ile. Tunaingia mtoni saa tatu asubuhi jua likiwa limeshakolea, na saa saba mchana kila mtu awe nchi kavu. Alfajiri na jioni hatuugusi mto.

Na mamba ukimwona amelala juu ya mchanga, usipige kelele wala usimsogelee kwa ajili ya picha. Unampa nafasi, unapita upande wa pili, mbele yako kuna mtumbwi mkubwa na nyuma kuna boti ya injini. Mwaka mmoja kijana aliacha msafara akasogea na simu yake mkononi, kasia kalilaza mapajani, yule mamba akateleza kuingia majini bila hata sauti, na kwa dakika kadhaa hakuna aliyejua ameelekea wapi. Hakuna aliyeumia, ila yule kijana alirudi na boti na hakumaliza safari. Sheria hiyo bado ipo, ukitoka kwenye msafara unarudishwa.

Na viboko je?

Wazee wa hapa wanawaogopa viboko kuliko mamba, na sisi tunawafuata wazee. Kiboko mchana anakaa kwenye maji ya kina, anachotaka ni njia yake ya kurudi kwenye kina iwe wazi. Ukijikuta wewe uko katikati yake na kina, umemziba, na hapo ndo anakuja. Kwahiyo tunapita upande wa maji mafupi, kina tunamwachia yeye.

Kabla ya kila kona mzee anayetangulia anaacha kupiga kasia, anageuza mpini, anagonga ubavu wa mtumbwi, ko, ko, ko, halafu anatulia. Kayaki zote nyuma zinatulia. Unasikia maji tu yanadondoka kutoka kwenye ncha za makasia. Kama wapo utaona masikio yanaibuka kwanza, yanatikisika, halafu macho, halafu ile pumzi. Mzee anahesabu, anasubiri waibuke wote anaowajua wa kona ile, ndo anaonyesha kwa mkono tupite upande gani. Kuna siku tulisubiri pale karibu nusu saa kwa sababu hesabu yake ilikuwa na pungufu ya mmoja. Tulisubiri, akaibuka, tukapita. Ukiona mzee kasimama usimuulize tunasubiri nini.

Mimi sijui kuogelea, naruhusiwa?

Ndio, ila sio kwenye kayaki ya peke yako. Utakaa kwenye mtumbwi mkubwa pamoja na mtu wa hapa, ukiwa na laifujaketi, na kasia utapewa usaidie. Wavuvi wetu kadhaa pia hawajui kuogelea, usione aibu kusema kwenye fomu. Kinachotuumiza ni mtu anayeandika anajua halafu tunakuja kugundua akiwa katikati ya mto.

Laifujaketi ni lazima hata kwa mvuvi aliyezaliwa hapa?

Lazima. Kwa kila mtu, toka unapoingia kwenye chombo mpaka unaposhuka, imefungwa vifungo vyote. Kuikalia haihesabiki. Jaribio ni dogo, mwenzako anakunyanyua kwa kuvuta mabega ya lile jaketi, likipanda mpaka masikioni ni kubwa kwako, badilisha. Hili lilituletea maneno mwanzoni, baba wa watu wa miaka sitini anaambiwa na kijana avae jaketi la rangi ya chungwa, lakini wazee wenyewe ndo walikubali wakatangulia kuvaa, na toka hapo hakuna tena anayebisha.

Kayaki na mtumbwi tofauti yake nini, na nije na kipi?

Mtumbwi wetu ni gogo la mti mmoja, limechongwa ndani, mzito, unakaa chini kwenye maji na ukishaanza kwenda unakwenda. Unapiga kasia la bapa moja, upande mmoja au unabadilisha, na aliyekaa nyuma ndo mwenye usukani. Watu wa pwani wanaita kafi, sisi huku tunasema kasia na tunaelewana. Kayaki asili yake ni kwa watu wa barafu huko kaskazini ya dunia, walizitengeneza kwa ngozi za sili, siku hizi ni plastiki, nyepesi, unakaa miguu umenyoosha mbele na kasia lina bapa pande mbili. Mtumbwi unasamehe ukikosea kidogo mwendo lakini hausamehi ukisimama. Kayaki inageuka haraka, na inageuka haraka hata usipotaka.

Kama unakuja na kayaki, kwa wanaoanza tunapokea zile za kukalia juu tu, maana ukidondoka unapanda tena kwa sekunde chache. Zile za kuingiza miguu ndani tunakubali kama utatuonyesha ziwani, Kigoma mjini, siku ya mazoezi, kwamba ikipinduka unatoka mwenyewe bila kuhangaika. Zile za kujaza upepo kama godoro hapana, magogo ya huku yatazitoboa.

Huna chombo kabisa? Njoo tu, sema mapema. Mitumbwi ipo na wenyewe wanapenda kubeba mgeni, tunachoomba ni umlipe mwenye mtumbwi mliyokubaliana, umlipe siku hiyo hiyo.

Sijawahi kushika kasia, nitaweza?

Utaweza kama utakuja siku ya mazoezi, inakuwa Jumamosi moja kabla. Kosa la wote wanaoanza ni kupiga kwa mikono, dakika ishirini mabega yanawaka moto. Nguvu inatoka kiunoni, unazungusha kifua, unachomeka kasia mbele karibu na vidole vya miguu yako, unalivuta mpaka usawa wa nyonga, unalitoa. Ukiliacha lipite nyonga linanyanyua maji tu na linakugeuza. Kaa wima, usiegemee nyuma kama uko kwenye kochi. Usilibane sana kasia, ukiona malengelenge kwenye gumba ujue unalinyonga.

Na angalia unakotaka kwenda, sio unachokiogopa. Mtu akikodolea macho gogo, dakika moja baadaye yuko juu ya gogo.

Nyavu za wavuvi tunazipitaje?

Swali hili watu hawaulizi sana, tungependa mliulize zaidi. Ule mto ni shamba la watu. Siku hiyo wavuvi wengi wanatoa nyavu zao kwa hiari ili tupite, na hakuna anayewalipa kwa hilo, ila zipo zinazobaki. Utaona vipande vya kandambili au machupa ya plastiki yanaelea kwa mstari, hayo sio takataka, ni maboya ya nyavu ya mtu. Unanyanyua kasia, unazunguka pale mwisho, kama haiwezekani unapita juu taratibu bila kuchomeka kasia. Kukata nyavu ili ujinasue ni marufuku, piga filimbi, mwenyeji atakuja kukunasua.

Kuna mwaka usukani wa kayaki moja ulishika nyavu ukaivuta mita kadhaa kabla mwenye kayaki hajashtuka. Tukaenda nyumbani kwa mwenye nyavu jioni ile, tukamkuta mama anamenya muhogo, tukasalimia, tukaeleza. Hakupaza sauti. Alichukua ile nyavu akaitandaza mapajani, akawa anapitisha vidole kwenye kila tundu, moja moja, anahesabu macho yaliyokatika. Tulilipa uzi na siku za kushona, na siku ambazo mwenye nyavu hakwenda kuvua. Toka mwaka ule kayaki yenye usukani inaufunga juu, na kwenye mchango wa kila mtu kuna sehemu imetengwa kwa ajili ya nyavu.

Chombo kikipinduka nifanye nini?

Shika chombo, usikiache, panda juu yake hata kama kimegeuka tumbo, mwili utoke majini kwanza, kasia na simu baadaye. Piga filimbi mara tatu. Boti ya injini inakuja kwako moja kwa moja na walio karibu wanakuzunguka. Usianze kuogelea kwenda ukingoni kwenye matete hata kama unaona ni karibu. Kama maji yamekutenganisha na chombo lala chali, miguu mbele kule maji yanakoelekea, usijaribu kusimama, mguu ukinasa kwenye mizizi maji yanakulaza kifudifudi.

Kitu cha kuogopa zaidi mtoni ni mti ulioangukia majini. Maji yanapita katikati ya matawi, wewe hupiti. Ukiona mti mbele hama upande mapema, tena mapema kuliko unavyodhani. Ukiwa umeshachelewa na unakwenda kuugonga, inamia kuelekea kwenye mti, ukumbatie, usiinamie nyuma, ukiinama nyuma maji yanapanda juu ya kayaki yanaizamisha na wewe ukiwa chini yake. Tunalifanyia mazoezi ziwani kwa kutumia mtumbwi mwingine badala ya mti.

Watoto?

Chini ya miaka 16 hapana, mtoni haingii hata na mzazi. Wanakuja kutupokea Ilagala. Wajawazito pia tunaomba wakae na sisi nchi kavu mwaka huu. Kina dada na kina mama wengine karibuni sana, mwaka jana mtumbwi uliopiga kasia kwa mpangilio mzuri kuliko yote ulikuwa wao.

Nafikaje, na nilale wapi?

Kutoka Kigoma mjini unashika njia ya Simbo halafu barabara ya Ilagala kwenda Kalya. Kuna magari ya abiria, mengine ni Hiace na Noah, yanajaa asubuhi, ukichelewa utasubiri sana. Wenye kayaki tunakodi lori moja, kayaki zinapangwa juu ya magodoro zisisuguane, sema mapema kama yako inataka nafasi. Wanaotoka mbali, Tabora au Dar, treni ya reli ya kati inawaleta mpaka Kigoma, ila acha siku moja katikati kwa sababu treni ikichelewa sisi hatuwezi kuusubirisha mto. Usiku wa Ijumaa wageni wanalala kwenye nyumba za wenyeji, ni za kawaida, beba shuka na chandarua, malaria huku ipo mwaka mzima.

Nibebe nini?

Kofia yenye kamba, shati la mikono mirefu, maji lita mbili, viatu vinavyobana mguu, yeboyebo ni sawa, kandambili hapana zinabaki kwenye matope. Simu weka kwenye mfuko wa plastiki mara mbili, fungia kwenye jaketi lako na sio kwenye chombo. Miwani ifunge kamba. Jeans ziache nyumbani, zikilowa zinakuwa mzigo.

Maji ya mto yanaleta ugonjwa?

Kichocho kipo, mtoni na hata ziwani sehemu zilizotulia zenye majani. Vijidudu vinaingia kwenye ngozi, hausikii kitu. Kulowa kidogo kwenye chombo sio sawa na kusimama majini, ila jikaushe vizuri, na wiki sita mpaka nane baadaye nenda ukapime, dawa yake ni prazikwanteli, inapatikana na inatibu. Kunywa maji ya mto bila kuchemsha au kutia dawa, usifanye, kipindupindu sio kitu cha kujaribu.

Chakula kipo?

Kipo, tena ndo sehemu inayowarudisha watu. Ugali wa muhogo, migebuka ya kuchoma, sombe iliyoungwa kwa mawese ya hapa hapa Ilagala. Wanapika kina mama wa kijiji na wanalipwa kabla ya sufuria kutelekwa, sio baada. Kama huli samaki sema kwenye fomu.

Mchango ni kiasi gani?

Kinabadilika kila mwaka kwa sababu kinategemea bei ya mafuta ya boti na lori, tunatangaza kwenye grupu wiki tatu kabla na mahesabu yanabandikwa pale pale baada ya siku kupita. Wenyeji wa Ilagala wenye mitumbwi hawachangi.

Mnaweza kuahirisha?

Ndio, hata asubuhi ile ile watu wakiwa wameshavaa majaketi. Tunaangalia utabiri wa TMA, wale wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, tunaangalia maji, lakini neno la mwisho ni la mzee anayetangulia. Akisema leo hapana, kayaki zinarudi kwenye lori, tunakula, tunaongea, tunarudi mjini. Imeshatokea mara moja, na hakudaiwa maelezo. Mchango unabaki kwa ajili ya tarehe itakayopangwa.

Mtumbwi wangu una ufa kidogo, nije nao?

Uje nao Ijumaa, sio Jumamosi asubuhi. Fundi wa kalafati atakuwa pale kwenye mchanga kuanzia saa nne mpaka saa kumi jioni, ataujaza maji kwanza aone unavuja wapi. Akisema haufai, tutakutafutia nafasi kwenye mtumbwi mwingine.